Ni Dawa Iliyoua, au Ni Kiangazi Tu?

Chukua udongo wa shamba la mahindi kule Kiambu mwishoni mwa Februari, jua likiwa limeukausha hadi umepasuka, kisha rudi palepale siku mbili baada ya mvua ya kwanza ya masika uchukue mwingine. Pima kaboni dioksidi inayopumuliwa na vijidudu vilivyomo. Sampuli ya pili itaizidi ya kwanza mara kadhaa, na hapo hakuna aliyepiga dawa wala kutia mbolea. Sasa weka kati ya siku hizo mbili mkulima aliyepita na bomba mgongoni akinyunyiza dawa ya magugu. Mtu akikuuliza dawa ile imeufanya nini udongo, utamjibu nini?

Ubishi mwingi juu ya viuatilifu na afya ya udongo hukwama hapo. Anayeiuza dawa husema kupungua kwa vijidudu si kitu, kiangazi hufanya makubwa zaidi kila mwaka. Anayeipinga huonyesha namba zilizoshuka baada ya kupuliza na kutangaza kwamba udongo umekufa. Wote wawili huwa na vipimo halali mkononi. Wanachokikosa ni kujua udongo uleule ungekuwaje bila dawa, katika majira yaleyale, na hilo ni gumu kulijua kuliko watu wanavyodhani.

Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu mshtuko wa mvua ya kwanza imetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950, H. F. Birch alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Alikausha udongo, akauloweka, akapima kaboni dioksidi na nitrojeni iliyotoka. Akaukausha tena, akauloweka tena. Kila mara vijidudu vililipuka kwa kazi, na kadiri udongo ulivyokaa mkavu muda mrefu ndivyo mlipuko ulivyozidi kuwa mkubwa. Makala yake ya 1958 inanukuliwa mpaka leo, na tukio lenyewe wanasayansi huliita kwa jina lake. Ndimo ilimo pia sababu mojawapo ya ule ushauri wa mabwana shamba wa kupanda mapema: nitrojeni inayofunguliwa na mvua za mwanzo huoshwa na mvua kubwa zinazofuata, mizizi isipokuwepo kuidaka.

Ndani ya mlipuko huo kuna vifo vingi. Ukavu huua sehemu ya vijidudu, na vingine hujijaza kemikali za kuyashikilia maji mwilini. Maji yakiingia kwa ghafla, baadhi hupasuka, vingine huitema akiba ile, na vilivyosalia hula mizoga pamoja na mabaki. Kwa hiyo udongo unapumua kwa nguvu kwa sababu umetoka kupata msiba. Jambo hili tutalihitaji mbele.

Hayo ni mabadiliko ya wakati. Ya mahali nayo hayana mwisho. Gramu moja ya udongo wa shamba inaweza kubeba bakteria kwa mabilioni, lakini hatua chache kutoka hapo, penye kichuguu, chini ya mgunga au palipokuwa na zizi la ng'ombe, hesabu na aina zao hubadilika kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba maeneo ya Narok ambako wafugaji wa kale waliweka maboma yao, mengine zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, bado yana rutuba kuliko mbuga inayoyazunguka. Samadi ya mifugo ya watu ambao hata lugha yao hatuijui inaendelea kuamua nani aishi wapi udongoni. Shamba lililofyekwa juu ya ardhi ya namna hiyo lina mabaka ambayo mwenye shamba wa leo hawezi kuyaona kwa macho, na kitalu cha majaribio kikiangukia baka moja huku kitalu jirani kikiwa nje yake, tofauti itaonekana hata kama kilichopulizwa ni maji matupu.

Uchachu wa udongo nao hupangua mambo. Noah Fierer na Robert Jackson walipolinganisha sampuli 98 kutoka Amerika Kaskazini na Kusini, matokeo waliyoyatoa mwaka 2006 yalionyesha kwamba wingi wa aina za bakteria ulifuata zaidi kiwango cha pH kuliko joto au mvua ya mahali. Mkulima anayemwaga chokaa au anayetia mbolea ya amonia miaka kumi mfululizo anaubadilisha mji wa vijidudu vyake bila kugusa dawa yoyote.

Basi katika vurugu hiyo, dawa ihukumiwe vipi? Jibu lililoacha alama kubwa kuliko yote lilitoka Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1983. K. H. Domsch na wenzake Jagnow na Anderson walikusanya taarifa za jinsi vijidudu vinavyoporomoka kwa ukame, baridi kali, mafuriko na misukosuko mingine ya asili, halafu wakasema: tuutumie mserereko huo wa asili kuwa rula. Kupungua hata kwa asilimia 90 hutokea bila mkono wa mtu, nao udongo hurudi hali yake. Kwa hiyo kisiangaliwe kina cha kuporomoka peke yake, iangaliwe na siku za kurudi. Ikichukua siku 30, hilo ni la kawaida. Siku 60, linavumilika. Ikizidi 60, hapo pana hatari. Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme vijidudu huongezeka maradufu kila baada ya siku 10. Vikibaki 10 kati ya 100, siku ya kumi vitakuwa 20, ya ishirini 40, ya thelathini 80, na siku chache baadaye vimetimia.

Naiheshimu hoja hii. Kabla yake, namba yoyote iliyoshuka maabara ilitosha kuzua taharuki, na iliyopanda ilitosha kuondoa wasiwasi. Domsch na wenzake walilazimisha kila mtu aulize swali la pili: imeshuka ukilinganisha na nini, na kwa muda gani? Ila rula hiyo ilipotoka mikononi mwao ikawa kibali, na hapo ndipo ninapoitilia shaka.

Kwanza, tazama inavyofanya kazi ikifika Dodoma. Kama ukubwa wa misukosuko ya asili ndio unaoweka kiwango cha madhara yanayokubalika, basi penye kiangazi kikali kuliko kwingine ndipo dawa itakaporuhusiwa kuharibu zaidi. Udongo uliokwisha kuchoka, wenye mboji haba, ungepata ulinzi mdogo kuliko udongo mnono wa Rungwe usioonja ukame mrefu. Tena kiangazi na dawa havipokezani zamu. Kilichopoteza nusu kwa ukavu kikipoteza nusu ya kilichobaki kwa dawa kinabaki na robo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba atakayekuja wa pili ataona wa kwanza ameshakula akamwachia.

Kuna na suala la majira. Kiangazi huja wakati shambani hakuna zao. Dawa hupigwa udongo ukiwa na unyevu, mizizi ikiwa midogo, mmea ukisubiri nitrojeni inayotengenezwa na vijidudu hivyohivyo. Aina nyingi za maharage hukomaa kwa siku 70 hadi 90. Siku 60 zinazovumilika katika meza ya Braunschweig ni karibu msimu mzima wa maharage ya Kondoa au Kakamega. Udongo unaweza kupona kikamilifu kwa kalenda ya mwanasayansi na mkulima akawa ameshavuna kidogo.

Lakini hata kabla ya kufika shambani, dawa inayoombewa usajili hupita kwenye mitungi ya maabara. Jaribio linalotumika sana ni la Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, mwongozo namba 216 wa mwaka 2000. Udongo wa shamba huchekechwa kwa chekeche ya tundu za milimita 2, ukachanganywa na unga wa majani ya lusani ili vijidudu vipate cha kula, ukawekwa gizani kwenye nyuzijoto 20, unyevu ukilindwa usipande wala kushuka. Mitungi mingine hutiwa dawa kwa kiwango kinachotarajiwa shambani, mingine mara tano ya hapo, na mingine haitiwi kitu. Siku ya 28 hupimwa naitreti. Kama tofauti kati ya iliyotiwa na isiyotiwa haizidi asilimia 25, dawa imepita. Ikizidi, jaribio huendelea hadi siku 100.

Mitungi hii hudharauliwa bure wakati mwingine. Mwongozo unataka udongo wenye mchanga kati ya asilimia 50 na 75 na kaboni kidogo, na sababu yake ni ya haki: kwenye udongo wa hivyo dawa haipati pa kunasa, hivyo makali yake huonekana zaidi. Udongo mweusi wa mbuga ungeificha dawa kwenye mfinyanzi wake. Pia maabara imeondoa mvua, jua, kichuguu na boma la kale, ndiyo maana inaweza kuona asilimia 25 ambayo shamba lingeimeza. Ila uwezo huo umenunuliwa kwa bei. Dawa moja, mara moja, udongo mmoja, joto lisilobadilika. Udongo wa Tanga juu kabisa, katika mchana wa Januari, haukai kwenye nyuzi 20.

Nimesema msiba huufanya udongo upumue kwa nguvu. Mwaka 1976 Jenkinson na Powlson wa Rothamsted, Uingereza, waligeuza jambo hilo kuwa kipimo: waliua vijidudu kwa mvuke wa klorofomu, wakarudishia mbegu kidogo ya udongo mzima, kisha wakapima hewa iliyotolewa na vijidudu vipya vikila maiti. Kutokana na hewa hiyo walikadiria uzito wa vilivyokufa. Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali lenye kupumua kulikopanda asilimia 30 baada ya kupuliza, akasema udongo umechangamka, mwulize unakula nini. Huenda unaila dawa yenyewe, kama dawa ya magugu glaifoseti inavyoliwa na bakteria wengi. Huenda unakula kuvu waliouawa na dawa. Na kama mvua ilinyesha juzi, huenda ni mlipuko wa Birch tu. Namba ni moja, visa ni vitatu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoridhika na kupumua kwa jumla. Kuoza kwa majani ni kazi inayowezwa na maelfu ya aina. Zikifa mia, nyingine mia hukamata jembe, na mita haitikisiki. Kugeuza amonia kuwa naitreti ni kazi ya makundi machache ya bakteria na akea (vijidudu vingine vya seli moja), tena yanayokua polepole, yakiumia hakuna wa kuyashikia nafasi haraka. Mashamba yaliyofukizwa kwa gesi kali kama methaili bromaidi, iliyotumika zamani kwenye maua ya Naivasha kabla ya Itifaki ya Montreal kuzifungia nchi zinazoendelea mlango mwaka 2015, yalijulikana kwa jambo hili: amonia hurundikana kwa wiki kadhaa kwa sababu wa kuigeuza hawapo, wakati kupumua kwa udongo kumesharudi juu.

Sasa tuingie shambani na kalamu. Tuseme umeweka vitalu vinne vilivyopigwa dawa na vinne visivyopigwa, kwa sababu fedha ni hizo. Tuseme pia vitalu visivyopigwa vinatofautiana vyenyewe kwa vyenyewe, mtawanyiko wa asilimia 30 kuzunguka wastani, jambo ambalo kwa vijidudu si kubwa. Kwa kanuni ya kawaida ya takwimu, inayotaka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti iliyopo, vitalu vinne kwa vinne vitakuonyesha tofauti ikifika kama asilimia 60 hivi au zaidi. Dawa ikiua nusu ya vijidudu, ripoti yako inaweza kabisa kusema hakuna tofauti ya maana. Ili uikamate ile asilimia 25 ya OECD utahitaji vitalu 23 kila upande. Hakuna chuo ninachokijua kitakachompa mwanafunzi wa shahada ya uzamili vitalu 46.

Sentensi ya kwamba dawa haikuonyesha athari imejaa katika ripoti za utafiti, na mara nyingi iliyoshindwa ni hesabu ya vitalu. Shamba lenye mabaka mengi humsafisha mtuhumiwa yeyote, kama soko lenye kelele linavyomficha mwizi wa simu. Kisicho haki ni kwamba mzigo wa kelele hizo huubeba udongo. Aliyefanya jaribio dogo na bovu hupata matokeo yanayompendeza muuzaji kuliko aliyefanya kubwa na zuri.

Dawa ya kelele ipo, na haihitaji mashine za ajabu. Badala ya kuchota mara moja katikati ya kitalu, chota mara ishirini kwa zigizaga, changanya kwenye ndoo, kisha upime mchanganyiko. Pima kitalu kilekile kabla ya kupuliza, ili kila kitalu kishindane na jana yake. Panga vitalu jozi kwa jozi kufuata mteremko. Ukifanikiwa kuushusha mtawanyiko kutoka asilimia 30 hadi 15, vitalu 23 vinashuka hadi 6 au 7, na hapo fedha za kawaida zinatosha.

Kuna tatizo ambalo hata vitalu elfu haviwezi kulitatua, nalo ni jinsi watu wanavyopiga dawa kweli. Uchunguzi wa wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta theluthi moja hivi wakichanganya dawa zaidi ya moja kwenye bomba moja. Anayelima nyanya kwenye mvua hupuliza dawa ya ukungu, ya wadudu na booster, yaani mbolea ya majani, kwa mkupuo, kisha hurudia baada ya wiki moja. Rula ya siku 30 inadhani kuna siku 30 za kupumzika. Kwenye nyanya za Ngarenanyuki hazipo. Udongo ule hauporomoki na kurudi. Unashushwa kabla haujasimama, na ukiupima siku yoyote utakuta umeshuka kidogo tu, kiasi cha kuitwa cha kawaida.

Na kuna sumu ambayo haitambui habari ya kupona. Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, uliripotiwa kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na kwa miongo mingi silaha yake ilikuwa shaba. Dawa za kisasa huoza, kwa siku au kwa miaka, lakini shaba ni elementi, haina pa kuoza. Hudondoka na majani, hukaa sentimita chache za juu, na mwaka unaofuata hupokea nyingine. Uchunguzi uliofanywa kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya katika miaka ya 1980 ulikuta shaba imeongezeka kulingana na umri wa shamba. Kwa mibuni mikongwe ya namna hiyo, kumwuliza mtu udongo utarudi baada ya siku ngapi ni kumpotezea muda.

Mibuni hiyo ndiyo inayonionyesha njia nzuri zaidi ya kutenganisha dawa na kiangazi. Mwaka 1988 Hans Blanck na wenzake wa Sweden, wakishughulika na viumbe wa majini, walipendekeza tuache kuhesabu wangapi wamepungua, tupime waliobaki wanaistahimili sumu kiasi gani. Mantiki yake inaingia akilini mara moja. Kiangazi huua, lakini hakichagui wanaovumilia shaba. Shaba huchagua. Ukichukua bakteria wa chini ya mibuni na wa shamba jirani lisilowahi kupigwa, ukawaonjesha wote shaba maabara, na wa mibuni wakaendelea kukua pale wenzao wanapozimia, umepata ushahidi ambao ukame hauwezi kuuchafua. Njia hiyo ilihamia kwenye udongo na hutumika sana kwa madini mazito. Ina kasoro zake: anayevumilia sumu moja wakati mwingine huvumilia na nyingine, na uchachu unaweza kuubadilisha ukali wa shaba yenyewe. Hata hivyo, kati ya vipimo vyote ninavyovijua, ni kimojawapo cha vichache vinavyomtaja mkosaji kwa jina.

Mamlaka zinazosajili, kama Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, zingeweza kudai mambo mawili bila kuwavunja mgongo waombaji. Kila ripoti ya shambani inayosema haikuona athari itaje pia athari ndogo kabisa ambayo ingeweza kuonwa na vitalu vile. Namba hiyo moja ingezirudisha nyuma ripoti nyingi. La pili ni kupima kazi chache zisizo na wasaidizi, katika udongo wa hapa: ugeuzaji wa amonia, na bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya jamii ya kunde.

Hao wa mwisho wana upendeleo wangu, kwa kuwa hata mkulima anaweza kuwakagua. Baadhi ya dawa za ukungu zinazopakwa kwenye mbegu huwadhuru, na anayepaka mbegu za soya dawa hizo halafu akaongeza bakteria wa kununua kwenye pakiti huenda anaua alichokilipia. Maharage yakianza kutoa maua, mkulima ayang'oe mashina kumi kwa jembe, taratibu, aidumbukize mizizi na udongo wake kwenye ndoo ya maji, ahesabu vinundu kwenye mizizi na avipasue kwa ukucha. Chenye rangi ya waridi au nyekundu ndani kinafanya kazi. Cheupe au cha kijivu hakifanyi. Halafu ahesabu na vya mashina mengine kumi kutoka kwenye mistari miwili ambayo mbegu zake hazikupakwa kitu, iliyopandwa siku ileile, kwenye mteremko uleule, kwa kuwa ukame nao hupunguza vinundu. Mistari hiyo inabidi itengwe siku ya kupanda. Ukisubiri mpaka maharage yaanze kunyauka, umechelewa kuitenga.